Nilimpa Ngoy Kazi, Nikabaki na Sauti

Kosa ni langu. Naliweka mbele kabisa, kabla sijaanza kutafuta maneno ya kujipamba. Najijua mimi! Nikipewa nafasi nitaanza na ubaya wa njia, na jua, na ugumu wa chuma, mpaka mwisho wewe unayesoma unihurumie.

Usinihurumie. Hapa Kamina kuna mtu anatembea kwa gongo, na kuna mwingine alivuliwa cheo mbele ya wenzake. Wote wawili ni kwa kinywa changu. Neno moja tu!

Jina langu sitaliandika, na majina ya wenzangu nimeyabadili. Ninyi wa kazi ya reli mtanitambua. Basi, mnitambue.

Nitaeleza kwa utaratibu, jambo kwa jambo, kama lilivyotokea.

Nilikuwa kapita, yaani kiongozi, wa ekipi ya njia, kikosi cha watu kumi na wanane. Kazi yetu ilikuwa kutoa reli zilizochakaa na kuweka mpya juu ya mataruma, yale magogo yanayolala chini ya reli. Kwa asiyejua kazi hii: reli moja haibebwi na watu wawili wala wanne. Wote kumi na wanane huinama, huiweka mabegani juu ya magunia yaliyokunjwa, hutembea nayo hadi mahali pake, kisha huitupa chini upande mmoja.

Kuitupa ndiko kwenye mauti. Lazima mabega yote yaiachie kwa pumzi moja. Wa mbele wakiachia na wa nyuma wakishika, ile reli haianguki. Inaruka! Na chuma kikiruka hakichagui mtu.

Kwa hiyo ekipi ya njia haiongozwi na kofia wala barua ya ofisi. Inaongozwa na sauti. Kapita husimama kando, huita, watu humjibu. Mimi nilikuwa na mwito wangu wa bukari, ugali wetu, niliouita miaka tisa:

"Nani alikula bukari ya jana?"

"Siye!"

"Nani atakula ya leo?"

"Siye!"

"Basi mubebe!"

Na mwisho, tukifika mahali, nilivuta "Eeeee" ndefu, halafu nikakata: "Tupa!" Watu wangu walikuwa hawasikii tena lile neno "tupa". Walikuwa wanasikia pumzi yangu ikiisha. Nilijivunia hilo. Nilidhani ni sifa.

Aliyenifundisha mimi ni mzee Kalala, kapita wa zamani. Siku alipopandishwa kuwa mtunza vyombo, aliita reli yake ya mwisho, akasukutua kinywa kwa maji, akayatema juu ya kokoto, akaniambia mbele ya wote: "Sauti yangu imeisha hapa. Iliyobaki ni yako." Tangu siku ile, alipopita penye kazi yetu alikuwa kama bubu. Akiwa na neno, aliniita nyuma ya kibanda cha vyombo. Nilikosa mara nyingi mwaka ule, naye alisimama palepale, mikono mgongoni, akanyamaza. Hakunisahihisha mbele ya watu hata mara moja.

Ndiyo desturi ya watu wa njia. Kapita anayetoka hutoka na sauti yake. Niliijua vizuri! Siwezi kusema sikufundishwa.

Sasa sikilizeni.

Tulikuwa na msimamizi mzungu tuliyemwita Bwana Polepole, kwa sababu ya usemi wake. Mwanzoni mwa masika aliniita ofisini, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Wakubwa wanataka kujaribu kitu," akasema. "Upande huu hakuna bado mweusi aliyesimamia ekipi tatu. Nimetaja jina lako."

Nilishukuru, lakini alikuwa hajamaliza.

"Lakini ekipi yako usiiache yatima. Tafuta mtu, mufundishe. Masika yakiisha nitakuja na mukubwa wa sehemu, tuone kama anaiweza peke yake. Akiweza, anapanda, na weye unapanda. Na nyuma yenu, wengine."

"Na asipoweza, Bwana?"

Akajibu kwa usemi wake ule wa polepole.

"Asipoweza, watasema ni weye hukuweza."

Angalieni basi jinsi nilivyofungwa. Cheo changu kilikuwa mikononi mwa mwanafunzi wangu. Kumwinua ilikuwa kujiinua mwenyewe. Hata mtoto angeelewa! Lakini kuna mahali moyoni ambapo hesabu hiyo haifiki.

Nilimchagua Ngoy, mtu wa upande wa Kabongo, baba wa watoto wawili, mtulivu, anayejua kusoma, na ofisi ikampa kofia na filimbi ya kapita kwa majaribio. Alinifaa kwa sababu alikuwa na macho. Angeweza kukuambia nani ameamka na homa kabla mwenyewe hajasema. Tena alikuwa na adabu. Aliniita tata, yaani baba, ingawa tulipishana miaka kumi na miwili tu.

Nilimfundisha, na hapo sijilaumu. Nilimfundisha kupiga goti na kuitazama reli kwa jicho moja mpaka aone ilipopinda. Nilimfundisha kutowaweka bega kwa bega watu wawili waliogombana, na kumkemea mtu pembeni lakini kumsifu hadharani. Nilimwambia asile kabla watu wake hawajapata maji. Yote aliyashika. Mengine alinizidi.

Ikabaki sauti.

Siku ya kwanza nilipomwachia mwito, sauti yake ilitoka nyembamba, ikatetemeka mwishoni. Watu waliinua reli, lakini walikuwa wanacheka. Mutombo ndiye aliyeanza. Huyu Mutombo alikuwa mcheshi wa ekipi, mtu mnene wa shingo, bega lake ndilo la tatu kutoka nyuma.

"Eh, kapita mupya! Unaita reli ama unaita mbuzi?"

"Ninakuita weye, Mutombo," Ngoy akajibu. "Mbuzi anaitikaka mbio kukupita."

Kicheko kikapasuka! Wenye busara wangejua kwamba pale pale, kwa jibu lile, ekipi ilikuwa imeanza kumpokea. Wanaume wakicheka nawe wakiwa na chuma begani, wamekukubali.

Mimi je? Niliona kicheko tu. Nikasogea, nikasema, "Acha, nikusaidie." Nikavuta "Eeeee" yangu. Reli ikatua kama unyoya.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kwa jina la msaada!

Kesho yake vilevile. Ngoy anaanza mwito, mimi namalizia. Ngoy akisita kidogo, mimi nimeshaita. Akiniuliza jambo, namjibu kabla hajafika mwisho wa swali. Mara moja aliniambia, "Tata, minyi nilitaka kwanza nifikirie." Nikacheka, nikamjibu, "Utafikiri wakati nitakuwa nimekwenda."

Wiki zikapita. Watu wakazoea jambo la ajabu: kapita wawili, vinywa viwili. Ngoy akisema "beba", walibeba huku macho yao yakinitafuta mimi. Niliyaona macho yale. Reli kumi, ishirini, kila moja macho yale yale. Nami, Mungu anisamehe, yalinipendeza kuliko chakula.

Mke wangu aliniona kabla sijajiona. Jumapili moja baada ya Misa, Ngoy na mkewe walikuja kula kwetu. Tukaanza habari za kazi. Kila Ngoy alipofungua kinywa, mimi nilieleza alichotaka kusema. Walipoondoka mke wangu akakusanya sahani bila kunitazama.

"Baba Odila, ule mutu iko na ulimi?"

"Ulimi gani tena?"

"Minyi sikuusikia. Tangu supu mpaka ndizi nilikusikia weye tu." Akasimama na sahani zake. "Unafundisha mutoto kutembea, na umemushika nguo ku mugongo. Ataanguka siku utaachilia. Na kama hutaachilia, utaanguka naye."

Nikamwambia mambo ya reli si ya jikoni. Jibu la mpumbavu! Akaenda zake kuosha vyombo.

Masika yakaisha. Bwana Polepole akaleta habari: mkubwa wa sehemu anakuja Alhamisi.

Jumatano, kazi ilipokwisha, Ngoy aliniomba twende nyuma ya kibanda cha vyombo. Mimi ndiye niliyestahili kumwita huko, lakini aliniita yeye. Alikuwa amevua kofia, anaikunja mikononi.

"Tata, minyi nakushukuru. Wafwako. Yote nayojua ni ya kwako."

"Lakini?"

"Lakini batu banangojea sauti yako. Nikisema 'tupa', kuna mabega banaachilia, kuna mabega banangojea. Kidogo tu, tata, kama kupepesa jicho. Weye hauioni, sababu unaita mbele ya jicho kufunguka. Minyi naiona. Nasimama pale roho iko mukononi."

"Unanishitaki?"

"Hapana. Nakuomba. Kesho unipe sauti, ama unirudishe ku sururu na benzangu. Tukibaki katikati, mutu atakufa."

Mnaona? Aliniambia! Kwa maneno mepesi kama hayo, siku moja kabla. Hakuna mtu aliyepewa onyo wazi kuliko mimi.

Nikamshika bega. "Kesho sitafungua kinywa," nikasema. "Neno la mzazi."

Alhamisi asubuhi kulikuwa na baridi ile ya kwetu masika yakiisha, na umande juu ya chuma. Reli sita zilikuwa zimelazwa tayari kando ya njia. Bwana Polepole alisimama na mkubwa wa sehemu, mzungu mrefu mwenye daftari, kama hatua ishirini kutoka kwetu. Mimi nilisimama kati yao na ekipi. Sikusukutua kinywa. Sikutema maji. Nilijiambia ni mambo ya wazee, na wazungu wangeyacheka. Uongo. Sikutaka watu wangu waone sauti yangu ikiisha.

Ngoy akajiweka mahali pa kapita. Uso wake ulikuwa mkavu. Akaita, na hakuita mwito wangu. Alikuwa na wake!

"Nani amelala muzuri?"

Watu wakatazamana. Kisha Mutombo akaitika kwa sauti ya juu:

"Minyi hapana! Bibi anakoroma!"

"Basi leo umubebe!"

Wakacheka wote, wakainama, reli ikapanda mabegani. Wakatembea hatua sawa. Ngoy akahesabu, "Moja, mbili, tupa!" kwa ufupi, bila kuvuta. Chuma kikalia mlio mmoja.

Reli ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu, safi kuliko ya pili. Mkubwa wa sehemu akaandika kitu, akamwambia Bwana Polepole maneno, naye akatikisa kichwa kwa kukubali.

Cheo changu kilikuwa kinaandikwa mbele ya macho yangu. Ningepaswa kufurahi!

Nisikilizeni vizuri sasa, maana hapa ndipo ninapoungama. Sikufurahi. Nilitazama mabega yale yote, na hakuna jicho hata moja lililonitafuta. Hata moja! Reli tatu tu, na miaka yangu tisa ilikuwa imefutika. Nilihisi kama mtu aliyesimama nje ya dirisha la nyumba yake, akiwaona watu wake wanakula.

Reli ya nne ikapanda. Wakatembea. Wakafika.

Ngoy akaanza, "Moja, mbili..."

Nikaona mguu. Mtu wa nyuma kabisa, mguu wake juu ya kokoto zilizolegea ukingoni mwa taruma. Nikaona unateleza. Ndivyo nilivyojiambia, kwamba nimeona unateleza.

"Tupa!" Ngoy akasema.

"Ngoja!" mimi nikasema.

Maneno mawili kwa wakati mmoja. Wa mbele waliachia. Wa nyuma, wale waliokuwa karibu nami, walisikia sauti iliyowalea miaka tisa, mabega yao yakatii kabla akili haijauliza. Wakashika.

Reli iliruka.

Sitaeleza kila kitu. Ilipiga ardhi upande wa mbele, ikajirusha upande wa nyuma, watu wakatawanyika wakipiga kelele, na ilipotulia Mutombo alikuwa chini yake, mguu wa kulia, chini kidogo ya goti. Hakulia. Alikuwa anasema tu, "Muitoe, muitoe, muitoe," kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi.

Ngoy ndiye aliyefika wa kwanza. Akaita, na safari hii kila mtu alimsikia yeye, maana mimi sauti ilikuwa imenikauka. "Mitalimbo! Batu bane huku, bane kule! Beba!" Wakaiinua. Wakamtoa. Wakambeba kwenye toroli ya njia mpaka hospitali.

Nilibaki nimesimama. Yule mtu wa nyuma, wa ule mguu, alikuwa amekaa karibu nami. Nikatazama mahali alipokuwa amekanyaga. Alama ya kiatu ilikuwa pale kwenye umande, juu ya taruma, katikati kabisa. Haikuteleza hata kidogo. Mguu wake ulikuwa mahali pake wakati wote.

Saa tano tuliitwa ofisini, mimi na Ngoy, na ekipi nzima ikasimama nje chini ya madirisha. Mkubwa wa sehemu aliuliza, Bwana Polepole akatafsiri.

"Nani aliita?"

"Ngoy aliita," nikasema.

Kila neno hapo ni la kweli. Ndiyo sababu lilikuwa uongo mbaya kuliko wote niliowahi kusema.

"Na weye? Tulisikia kelele mbili."

Hapa palikuwa na mlango. Ulikuwa wazi! Ningesema, "Ni mimi, Bwana, nilimkatiza." Ningepoteza cheo, lakini Ngoy angebaki kapita. Ningebaki mtu.

"Minyi nilipiga kelele nilipoona reli inaruka," nikasema. "Baada ya hapo."

Bwana Polepole akamgeukia Ngoy. "Ni kweli?"

Ngoy hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo linalonitesa. Alikuwa ananingojea. Aliniachia nafasi nirekebishe mwenyewe. Jambo lile lile ambalo mimi sikumfanyia hata siku moja.

Sikurekebisha.

"Tata amesema," Ngoy akajibu.

Na watu wangu nje ya dirisha, wote waliosikia, hakuna aliyefungua kinywa. Walikuwa wanangoja niseme ukweli ndipo wao waseme. Nilikuwa nimewafundisha vizuri kunisubiri!

Ngoy alivuliwa ukapita siku hiyohiyo. Alirudisha kofia na filimbi mezani, wenzake wakitazama dirishani, akatoka. Kesho yake hakuja kazini. Tukasikia amekwenda Base, kule wazungu wa jeshi walikokuwa wanajenga uwanja wa ndege, kutafuta kazi yoyote.

Nami? Bwana Polepole aliniita wiki iliyofuata. Hakufunga mlango.

"Wakubwa wamejibu," akasema. "Wanasema ekipi haiwezi bila weye. Utabaki nayo." Akakunja karatasi. "Na lile jaribio limeisha. Wamesema mweusi hajui kumufundisha mweusi mwenzake kuongoza. Sirveya wawili wa kusimamia ekipi wanatoka Ulaya."

Basi nikapata nilichokuwa nakitaka: sauti yangu, ekipi yangu, macho yale yakinitafuta. Na nyuma yangu mlango ukafungwa, si kwangu tu. Kulikuwa na kapita watatu kwenye njia yetu waliokuwa wanangoja mimi nipande ili nao wapate kujaribiwa. Watu wazima, wenye akili kunishinda. Mpaka leo ninapoandika haya, wamebaki kapita vilevile.

Nilirudi kazini. "Nani alikula bukari ya jana?" nikaita.

"Siye," wakajibu. Chini chini. Reli ikabebwa, reli ikatupwa, hakuna aliyefanya mzaha.

Miezi miwili nilikuwa nampelekea Mutombo samaki wakavu wa Kinkondja pale hospitali. Walikuwa wamemkata mguu chini ya goti. Nilikuwa naweka samaki, nauliza hali, naondoka upesi. Siku moja alinishika mkono wa shati.

"Kapita. Hii samaki ni ya nini?"

"Ni ya pole, Mutombo."

"Pole ya nini? Kama Ngoy njo alikosa, Ngoy alete samaki." Akanivuta karibu. "Siye wote tulikusikia. Sikio moja ku Ngoy, sikio moja ku weye. Minyi nilikutii weye. Mwenye alisikia Ngoy iko na miguu mbili."

Nikawachukua tena wale samaki.

"Bibi yangu anakula hii samaki anasema Kapita ni mutu muzuri. Minyi nashindwa kumeza. Peleka kule ku biro. Usilete tena hapa."

Hakutaja nini nipeleke huko ofisini. Hakuhitaji.

Nilikwenda moja kwa moja kutoka kitandani kwake, samaki bado mkononi. Nikamwambia Bwana Polepole kila kitu: mwito, ahadi ya Jumatano, mguu ambao haukuteleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Juu ya nini unasema sasa, si siku ile?" akauliza hatimaye. "Karatasi imekwisha kwenda. Ile ya wakubwa hairudi."

"Ngoy arudishiwe kofia, Bwana."

"Ngoy nitamwita. Hilo naliweza. Na weye nitakutoa ku ekipi." Nikasema ni haki. Sasa kazi yangu ni kufungua na kufunga kizuizi pale barabara inapokata njia. Nafanya kazi peke yangu. Hakuna wa kuniitikia.

Lakini Ngoy hakuja. Mara mbili aliitwa, mara mbili akajibu ana kazi. Ikabidi nimfuate mwenyewe kule Base, kwa baiskeli ya kuazima.

Nilimkuta anaongoza watu wengi, zaidi ya ekipi yangu, wakivuta gogo kubwa la chuma la kusawazisha uwanja. Aliniona, akamaliza kazi aliyokuwa nayo kwanza. Halafu akaja, akasimama mbele yangu.

"Yambo, Bwana," akasema.

Bwana! Si tata. Nilikwenda na maneno mengi. Neno hilo liliyapukutisha yote.

"Nimesema ukweli ku biro," nikamwambia. "Kofia yako inakungojea. Na sauti nakupa, mbele ya wote. Nitatema maji."

Akatabasamu kidogo, kwa huzuni.

"Sauti nilikuwa nayo, Bwana. Ile siku, reli tatu, uliisikia. Haikuwa kitu ya kwako ya kunipa." Akatazama watu wake waliokuwa wanapumzika. "Minyi nilikuomba kunyamaza tu. Njo ile ulishindwa."

Nikamwomba msamaha. Akasema amesamehe, siku nyingi, kwa ajili ya moyo wake mwenyewe. Lakini kurudi, hapana. "Kule," akasema, "batu batatazama tena weye uko wapi. Hata kama uko ku kizuizi." Akaniaga kwa adabu, akarudi kazini. Nilisikia akiwaita nilipokuwa napanda baiskeli. Waliitika wote pamoja.

Ndiyo hayo. Sasa ninyi mlio wakubwa wa watu: makapita, walimu wa shule, makatekista, waongozaji wa kwaya, nanyi akina mama mlio na wakwe jikoni. Mnisikie mimi niliyechelewa!

Ukipewa mtu umkuze, mfundishe yote, kisha ufunge kinywa. Akisita, mwache asite. Akikosa mbele ya watu, mrekebishe nyuma ya kibanda. Usijidanganye kwamba unamsaidia kila unapomkatiza. Jiulize ni nani anayenenepa kwa msaada huo.

Na siku utakapomwona mguu wake unateleza, kabla hujapiga kelele, tazama tena. Hakikisha ni mguu unaouona, si wivu wako. Mimi sikutazama mara ya pili. Na reli haingoji mtu amalize kujiuliza.